Jina Lililo Juu ya Jalada

"Alihitimu mwaka gani?"

Hilo ndilo swali nililoulizwa katika somo la haki za kiraia, mwaka wangu wa pili pale Chuo cha Sheria cha Howard, Washington, na sikuwa na jibu. Tulikuwa tumepangiwa kesi ya Lloyd Gaines, kijana mweusi wa Missouri aliyekataliwa kusoma sheria katika chuo kikuu cha jimbo lake kwa sababu ya rangi yake. Nilikuwa nimejiandaa. Nilijua kwamba jimbo lilikuwa tayari kumlipia ada akasome jimbo jingine. Nilijua kwamba Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu Desemba 1938, na kwamba majaji walisema jimbo likiwafundisha weupe sheria ndani ya mipaka yake, basi linawajibika kuwafundisha na weusi ndani ya mipaka hiyohiyo. Profesa aliponitaja, niliyasema yote bila kutazama daftari, na kifungu cha Marekebisho ya 14 ya Katiba, kinachoahidi kila mtu ulinzi sawa wa sheria, nikakisoma kwa kichwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Ndipo akauliza huyo Gaines alihitimu mwaka gani.

Hakuhitimu. Machi 1939, miezi mitatu baada ya ushindi wake, alikuwa Chicago. Usiku mmoja akaaga kwamba anatoka kwenda kununua stempu, na tangu hapo hakuonekana tena. Kama aliuawa, au alikimbia, au alichoka tu na yale yote, hakuna aliyeweza kuthibitisha. Alikuwa na miaka 28. Kesi yake ilirudishwa Missouri, na kwa kuwa mwenye kesi hayupo, ikafutwa.

Kitabu chetu hakikuwa na habari hiyo. Vitabu vya kesi vya Marekani ni vizito, unaweza kuvunja kidole cha mguu ukikiangusha kimoja, lakini kesi zilizomo zimekatwakatwa. Mhariri anabakiza hoja ya sheria na aya mbili za maelezo. Mengine yote anayatupa. Unasoma kurasa nne kuhusu mtu, na ukimaliza hujui kama alikuwa na watoto. Nilirudi kwenye kiti changu nikiwa na joto usoni, lakini aibu yangu kubwa haikuwa juu ya Gaines. Ilikuwa juu ya mwanamke mmoja wa nyumbani.

Mimi ni mzaliwa wa Muleba, mkoani Kagera. Kila aliyesoma sheria Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ameipitia kesi ya Bernardo Ephraim dhidi ya Holaria Pastory. Holaria alirithi shamba kutoka kwa baba yake kwa wosia. Agosti 1988 akaliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake akaenda mahakama ya mwanzo, akidai kwamba kwa mila ya Kihaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya mwanzo ikamkubalia. Mahakama ya wilaya ikamkatalia. Shauri likapanda hadi Mahakama Kuu Mwanza, mbele ya Jaji Mwalusanya. Mwaka 1990 akaamua kwamba mila inayomruhusu mwanamume kuuza na kumzuia mwanamke ni ubaguzi unaokatazwa na Katiba. Haki za msingi ziliingizwa kwenye Katiba yetu mwaka 1984, lakini serikali ilipewa miaka mitatu, kuanzia Machi 1985, ya kujiweka sawa, kwa hiyo milango ya mahakama ilifunguka Machi 1988. Mama huyu aliuza shamba lake miezi mitano baadaye.

Hayo nilikuwa nayo yote kwenye madesa yangu. Mtihani ulipokuja niliandika nikapata alama nzuri. Na sikuwahi, hata siku moja, kujiuliza jirani zake walimsalimia vipi asubuhi baada ya kumshinda mtoto wa ndugu yake mahakamani. Mimi, mtoto wa Muleba, ninayejua kibanja, shamba la familia, ni nini, ninayejua watu wanavyonyamaza kwenye msiba wakiona mtu aliyeupeleka ukoo kortini. Nilimfanya kuwa jina la kesi, kama Gaines.

Profesa, mama wa makamo mwenye sauti ya chini ambaye sikuwahi kumsikia akiikuza, alitupa kazi: kila mtu achague kesi moja ya haki za kiraia, aandike kurasa kumi, na katika kurasa hizo kumi hoja ya sheria isizidi ukurasa mmoja. Kurasa tisa ziwe za mtu.

Niseme kidogo kuhusu Howard, maana mahali penyewe pana sehemu yake katika hili. Jengo kuu la chuo cha sheria, karibu na kituo cha treni cha Van Ness, limepewa jina la Charles Hamilton Houston. Kuanzia 1929 mpaka 1935 yeye ndiye aliyekiongoza na kukigeuza kile chuo kutoka shule ya usiku kuwa kiwanda cha mawakili wa kupambana na ubaguzi. Alikuwa mkali kupita kiasi kwa wanafunzi. Lakini kinachonivutia kwake ni kamera. Houston alisafiri kwa gari Kusini mwa Marekani, kwenye majimbo ambako asingeuziwa chakula barabarani, akipiga picha za sinema za shule za watoto weusi: mabanda ya mbao huku, majengo ya matofali ya watoto weupe kule. Alijua jaji anaweza kubishana na hoja mchana kutwa, ila banda lisilo na madirisha atalibishia vipi? Alifariki Aprili 1950, miaka minne kabla ya hukumu ya Brown, iliyoharamisha kutenga shule za umma kwa rangi na kubomoa kile alichokuwa anakipiga picha.

Mwanafunzi wake mashuhuri ni wakili Thurgood Marshall, aliyehitimu 1933. Sisi wa Afrika Mashariki tuna deni naye ambalo wengi hawalijui. Mwaka 1960 Tom Mboya alimwalika awe mshauri wa viongozi wa Kiafrika wa Kenya kwenye mkutano wa katiba wa Lancaster House, London, na huko Marshall akaandika rasimu ya haki za msingi kwa ajili ya Kenya. Kabla ya kwenda London alipitia Nairobi. Huko Kiambu afisa wa serikali ya kikoloni alimzuia kuhutubia watu waliokusanyika. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba aliomba aruhusiwe angalau kuwasalimia kwa neno moja, akakubaliwa, akapaza sauti: "Uhuru!" Nilipoisoma habari hiyo nilikuwa peke yangu maktaba, saa nne usiku, mwezi wa pili, theluji imejaa nje. Sikuwa nimesikia Kiswahili kwa siku tatu. Nililia.

Kesi niliyochagua ni ya Briggs, ya Clarendon, South Carolina. Ni moja kati ya mashauri manne yaliyounganishwa na kusikilizwa pamoja, yakaamuliwa kwa jina la Brown tarehe 17 Mei 1954, majaji tisa kwa sauti moja. Dunia inalijua jina la Brown. Briggs anabaki kwenye tanbihi.

Ilianza na basi. Wilaya ile ilikuwa na mabasi 30 ya kuwapeleka watoto weupe shule. Watoto weusi, ambao ndio waliokuwa wengi, hawakuwa na hata moja. Walitembea maili na maili. Wazazi wakachanga, wakanunua basi kuukuu linaloharibika kila wiki, wakaomba wilaya iwasaidie mafuta tu. Wakanyimwa. Mkulima mmoja, Levi Pearson, akakubali jina lake liwekwe kwenye kesi ya basi. Benki na maduka yakamkatia mkopo wa mbegu na mbolea. Halafu kesi yenyewe ikatupwa nje mwaka 1948, kwa sababu shamba lake lilikuwa limekaa kwenye mpaka wa wilaya mbili za shule, na kodi alikuwa anailipa upande usiohusika.

Hapo nilisimama kusoma. Mtu amehatarisha mavuno yake yote, na kesi imekufa kwa sababu hakuna aliyekwenda kuhakikisha risiti ya kodi inasomeka wapi. Tangu siku hiyo, mteja akiniambia "mimi ni mkazi wa hapa," naomba kuona karatasi. Wengine huona nawadharau. Siwadharau, namkumbuka Pearson.

Mwaka uliofuata Marshall na mchungaji wa pale, Joseph DeLaine, waliamua kwamba safari hii asisimame mtu mmoja. Zaidi ya watu mia moja, wazazi na watoto wao, walitia saini ombi. Harry Briggs alikuwa wa kwanza kwenye orodha kwa sababu tu jina lake lilitangulia kwa alfabeti, na ndiyo maana kesi ikaitwa kwa jina lake. Alikuwa amepigana vita ya pili ya dunia katika jeshi la majini, na sasa alikuwa mfanyakazi wa kituo cha mafuta. Akafukuzwa kazi. Mke wake, Eliza, alikuwa mhudumu wa usafi kwenye nyumba ya wageni, naye akaondolewa. Watoto watano nyumbani. Nyumba ya mchungaji DeLaine iliteketea kwa moto 1951, mwaka uleule ambao majaji wawili kati ya watatu waliosikiliza kesi waliikataa. Wa tatu, Jaji Waties Waring, mzungu wa Charleston, aliandika peke yake kwamba kuwatenga watu ndiko kutokuwa sawa kwenyewe. Miaka mitatu baadaye Mahakama ya Juu ikasema kitu hichohicho.

Na shule za pale Summerton, mji mdogo wa Clarendon? Hazikuchanganya watoto mpaka katikati ya miaka ya 1960. Watoto waliotia saini pamoja na wazazi wao walikuwa wameshakua.

Nilipoleta kurasa zangu kumi, profesa aliandika pembeni ya ukurasa wa mwisho kwa kalamu ya risasi: "Je, Eliza aliulizwa?" Sikuelewa. Nilidhani anataka nionyeshe kama Eliza alitoa ushahidi. Nilikuja kumwelewa mwaka uliofuata, kwenye kliniki.

Kliniki ni utaratibu ambao wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanawahudumia wateja wa kweli, chini ya wakili anayesimamia kila barua na kila simu. Mteja wangu wa kwanza alikuwa bibi wa miaka 61, aliyefanya kazi ya kuhudumia wazee mpaka mgongo ukamshinda. Alikuwa na vocha ya nyumba, yaani serikali inamlipia sehemu kubwa ya kodi. Kwa sheria ya Washington ya 1977 mwenye nyumba haruhusiwi kumkataa mpangaji kwa sababu ya mahali fedha zake zinakotoka. Lakini alikuwa akipiga simu, anaambiwa chumba kipo, karibu uje. Akitaja vocha, chumba kinakuwa kimeshachukuliwa.

Alikuja na daftari la waya, jalada la kijani lililofifia. Akalifungua mezani akaligeuza lielekee kwangu. Kila ukurasa ulikuwa na mistari aliyoipiga mwenyewe kwa rula: tarehe, saa, namba aliyopiga, sauti ya mwanamke au mwanamume, alichoambiwa kabla ya kutaja vocha, alichoambiwa baada. Wino wa bluu kwa kabla, mwekundu kwa baada. Miezi saba. Nilimuuliza nani alimfundisha. Akasema kwenye kazi yake ya kuhudumia wazee walitakiwa kuandika kila dawa imetolewa saa ngapi, kwa sababu usipoandika, dawa haikutolewa.

Sijawahi kuona ushahidi uliopangwa vizuri kuliko ule, na nimeshaona majalada ya mawakili wakubwa.

Sisi tulichoongeza ni jaribio. Asubuhi moja wanafunzi wawili walipiga simu kwenye jengo lilelile, kwa kupishana dakika ishirini. Wa kwanza alisema ana mshahara. Akaambiwa aje Alhamisi aone chumba. Wa pili alisema ana vocha. Akaambiwa hakuna kitu mpaka mwakani. Tukapeleka malalamiko kwenye ofisi ya haki za binadamu ya jiji. Pale, kabla ya uchunguzi kwenda mbali, pande mbili lazima zikae kwa usuluhishi.

Nakiri nilivyokuwa najisikia wiki ile. Nilikuwa nahesabu majengo. Kampuni ile ilikuwa na majengo mengi, na mimi nilishaona hukumu ikisomwa, ikitajwa, ikifundishwa. Nililala nikitunga hoja. Nikaenda kwenye usuluhishi na kabrasha la kurasa mia mbili.

Kampuni ilitoa ofa mapema kuliko tulivyotegemea: chumba kimoja na sebule kwenye jengo lilelile, ghorofa ya tatu, na kiasi cha fedha ambacho siruhusiwi kukitaja, bila wao kukiri kosa. Tulitoka kwenda kuzungumza ukumbini. Nilianza kumweleza kwa nini angoje; kwamba tunaweza kupata zaidi, kwamba wako wengine kama yeye. Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akauliza lile jiko lina dirisha? Nikatazama ramani ya chumba. Lina dirisha.

"Binti yangu," akasema, "wajukuu wangu wanakuja Jumamosi wakati mimi nalala kwenye kochi la dada yangu. Mimi nataka jiko hilo."

Nilimgeukia wakili anayetusimamia nikitegemea aongeze neno. Hakuongeza. Maadili ya uwakili yanasema waziwazi: uamuzi wa kumaliza shauri kwa mapatano ni wa mteja. Nilikuwa nimekifanyia mtihani kifungu hicho na kukipata. Bibi akasaini saa nane mchana, akakunja nakala yake mara mbili, akaiweka ndani ya daftari la kijani, akaondoka nalo.

Usiku ule nilikuwa na hasira, na sikujua ni ya nani. Nilikaa kitandani nikafungua zile kurasa zangu za Briggs, labda kutafuta nguvu. Nikakutana na maandishi ya kalamu ya risasi. Je, Eliza aliulizwa? Yaani kabla jina halijawekwa juu ya orodha, kabla ya kazi kupotea, kuna mtu alikaa na yule mama akamwambia: hiki ndicho unachoweza kupoteza, na ukisema hapana, hatutakulaumu? Kwa Briggs, nadhani aliulizwa. Watu wale walijua vizuri sana wanachokifanya, na wakasaini. Ndiyo maana nawaheshimu kuliko nilivyokuwa nawaheshimu zamani, nilipodhani ni sheria iliyoshinda kwa nguvu zake yenyewe. Lakini mimi, pale ukumbini, sikuwa nimeuliza. Nilikuwa nashawishi.

Kabla sijamaliza masomo nilishuhudia pia Juni 2023, Mahakama ya Juu ilipozuia vyuo kutumia rangi kama kigezo cha kupokea wanafunzi. Tuliisoma hukumu ile siku hiyohiyo, kila mtu na simu yake. Waliounga mkono walimtaja Brown. Waliopinga walimtaja Brown. Rafiki yangu wa Alabama akarusha simu kwenye kochi akasema, basi maneno yaleyale wanayavuta kama kamba. Nilimwambia hakuna hata mmoja aliyetaja lile basi la watoto wa Clarendon. Sikuwa na uhakika anaelewa ninachomaanisha.

Desemba 2024 nilirudi nyumbani kwa likizo. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ana kibanja alichoachiwa na babu kwa maandishi, migomba na kahawa, hatua chache kutoka makaburi ya familia. Watoto wa kaka zake, ambao ni kaka zangu, wameanza kusema mambo. Mmoja ameshapanda miti ya mpaka pasipo na mpaka. Shangazi aliposikia nimesoma sheria Marekani aliniita jioni, akanikaribisha senene, akafunga mlango.

Zamani ningemwambia palepale: una haki, kuna kesi ya 1990, twende. Na ni kweli ana haki. Hilo sina shaka nalo hata kidogo. Safari hii nilitoa kaunta buku niliyonunua Muleba mjini, nikamwomba rula ya mjukuu wake, nikapiga mistari. Wosia uko wapi, nani alikuwepo babu alipouandika, nani kati ya hao bado yu hai. Miti imepandwa tarehe ngapi. Kaka alisema maneno gani, mbele ya nani. Tuliandika mpaka taa ya sola ikaanza kufifia, kurasa nne. Mara mbili alinyamaza kwa muda mrefu, na mimi nikanyamaza naye.

Nilipomaliza nikamuuliza: "Shangazi, wewe unataka nini?"

Alifikiri. Akasema anataka kuzikwa pale, kando ya baba yake, na anataka watoto hawa hawa ndio wabebe jeneza. Kesi ikija hapo katikati, hajui. Labda atawaita kwanza, wakae, na mimi nisiwepo. Labda wakiona yameandikwa watarudi nyuma. Wasiporudi, ataniambia.

Nilitaka kuchukua daftari niende nalo Dar es Salaam likae salama. Akaweka mkono wake juu ya jalada.

"Liache hapa," akasema. "Ni langu."

Liko kabatini kwake, chini ya kanga. Wiki iliyopita alinipigia simu kuniuliza tarehe ya jana, anaandika kitu.